Kuku wa Ufipa na Chupa ya Chanjo

Ukitajwa ufugaji wa Ufipa, wengi hufikiria maksai wa kulimia. Kuku husahauliwa, ilhali ndiye apelekwaye sokoni Sumbawanga mtoto anapohitaji madaftari. Adui yake ni mdondo: hauna tiba, na waweza kumaliza kuku wa kijiji kizima. Kinga ipo. Chanjo ya I-2, itengenezwayo humu nchini, ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Lakini chupa huwa na dozi nyingi, na ikishafunguliwa haidumu. Mama mwenye kuku saba ataigawana na nani? Twawataka maofisa mifugo watangaze siku moja kwa kijiji kizima, alfajiri, kuku wangali bandani. Nasi wa Unguja na Pemba, ambao mdondo hautuachi, twastahili kalenda hiyo hiyo.