Cheche Nyingi, Makali Machache

Upitapo penye karakana ya seremala, tuseme mtaani Chanji mjini Sumbawanga, huenda ukamwona kijana akikandamiza kisu cha randa kwenye jiwe la umeme, cheche zikiruka. Wapita njia hupendezwa nazo. Fundi mzee hapendezwi, naye ana haki.

Kisu cha randa, kama patasi, hutiwa ugumu kiwandani kwa kupashwa moto na kupozwa. Jiwe liendalo kasi hukipasha tena. Ncha yake ni nyembamba mno, na ifikapo nyuzijoto 300 hivi hugeuka buluu. Hapo ugumu umekwisha kutoka. Utakinoa kinyoe hata malaika ya mkono, lakini ukipitisha mbao mbili za mninga kitakuwa butu. Hakuna dawa ila kukisaga taratibu mpaka sehemu yote iliyoungua iondoke, na hiyo ni fedha ya fundi iliyokwenda na cheche.

Wahunzi wa Ufipa wangelielewa jambo hili mara moja, kwani mhunzi huusoma moto kwa rangi ya chuma. Tanuri zao ndefu, malungu, zilipita kimo cha mtu, na ziliyeyusha mawe ya chuma pasipo mivukuto, upepo ukijivuta wenyewe kwenye matundu ya chini. Kisha chuma kilisafishwa katika tanuri ndogo ndipo kifuliwe jembe au shoka. Haraka haikuwa na nafasi hapo.

Basi kopo la maji liwe karibu. Gusa jiwe kidogo, chovya, gusa tena. Mshazari usagwe kwa nyuzi 25 hivi. Halafu ncha peke yake inolewe juu ya kinoo kwa nyuzi 30, mpaka kidole kihisi uzi mwembamba wa chuma umejikunja mgongoni. Geuza, laza mgongo bapa kabisa, uzi uondoke. Wengi hunoa mshazari tu na kuusahau mgongo, kisha hulaumu chuma! Kinoo kilichobonyea katikati nacho kisawazishwe kwa msasa uliotandazwa juu ya kioo.

Patasi butu hudai nguvu, na nguvu ikizidi patasi huteleza. Mkono ulioshika ubao ndio uumiao. Mzazi, umnunuliapo mwanao patasi yake ya kwanza, mnunulie na kinoo siku hiyo hiyo.