NANI ALIKUWA NA NGUMI NZITO KUPITA WOTE?

Kuna ubishi mmoja katika mabweni yetu ambao hauna mwisho. Kati ya mabingwa wa zamani wa ngumi za uzito wa juu, ni nani aliyepiga kwa nguvu kuliko wenzake? Huyu anamtaja George Foreman, yule Mike Tyson, na wale ambao baba zao ni wapenzi wa masumbwi wanamtaja Rocky Marciano. Taa zikizimwa ndipo mambo yanapopamba moto, mpaka kiranja apige kelele. Nami nimemwomba Bwana Mhariri nafasi nitoe maoni yangu, kwa maana naona kipimo tunachotumia ni kibovu, tena ubovu huo umekwisha ingia katika chama chetu cha ngumi. Kijana akijiunga leo, kesho anataka gunia. Ukimwambia afanye kwanza zoezi la miguu, au la kukwepesha kichwa, anakuona mwoga.

Wengi wetu hutazama ukubwa wa mtu. Basi, tarehe 4 Julai 1919, huko Toledo, Marekani, bingwa Jess Willard alipanda ulingoni akiwa na ratili 245 na kimo cha zaidi ya futi sita na nusu. Jack Dempsey, aliyekuja kumpokonya taji, alikuwa na ratili 187 tu. Katika raundi ya kwanza peke yake Willard alianguka mara saba. Wenzetu wanaosoma Fizikia watalieleza jambo hili vizuri kuliko mimi: uzito wa kitu kinachokwenda ukiongezwa mara mbili, nishati yake huongezeka mara mbili, lakini mwendo wake ukiongezwa mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Na mwendo wa ngumi hautoki mkononi. Huanza katika wayo, ukapanda kiunoni, ukafika begani; ngumi yenyewe ni ncha tu ya mkuki.

Marciano naye hakuwa mkubwa. Mikono yake ilikuwa mifupi mno kwa bingwa wa uzito huo, na hakuna aliyewahi kumsifu kwa uzuri wa mchezo wake. Hata hivyo alipigana mara 49 akashinda zote, na 43 katika hizo zilikwisha kabla ya muda. Tarehe 23 Septemba 1952, huko Philadelphia, Jersey Joe Walcott alimwangusha raundi ya kwanza, na kufikia raundi ya 13 waamuzi wote watatu walikuwa wamempa Walcott pointi nyingi zaidi. Ndipo Walcott aliporudi nyuma kwenye kamba, na Marciano akamwahi kwa ngumi fupi ya kulia katika taya. Walcott alishuka polepole, mkono mmoja umenasa kambani, akahesabiwa mpaka kumi. Wapenzi wa Marciano hutuambia tena kwamba alimtoa Joe Louis katika raundi ya nane, Oktoba 1951. Ni kweli, lakini Louis wa siku hiyo alikuwa na umri wa miaka 37. Asiyemwona simba ila uzeeni asitusimulie habari za meno yake.

Maana kwangu mimi Louis ndiye wa kwanza. Alishika taji tangu 1937 hadi 1949, akalitetea mara 25. Ukitazama filamu zake utaona jambo la ajabu: ngumi zake husafiri masafa mafupi sana, pengine hazizidi shibiri moja, na mtu mzima anaanguka. Havuti mkono nyuma, hajitangazi. Anasogea hatua ndogo ndogo kama mtu anayetafuta mahali pa kukaa, kisha mkono wa kushoto unakwenda, na wa kulia unaufuata kabla hujakupesa jicho.

Lakini hata yeye nguvu peke yake haikumtosha. Mnamo Juni 1936 Mjerumani Max Schmeling alikuwa amezichunguza filamu zake, akagundua kwamba Louis akisha kupiga ngumi ya kushoto huurudisha mkono huo chini, na shavu linabaki wazi. Schmeling alipiga hapo hapo kwa mkono wa kulia, mara baada ya mara, mpaka Louis akatolewa raundi ya 12. Ngumi za Louis zilikuwa nzito siku hiyo kama siku nyingine zote. Mkono wa kushoto ndio uliomponza. Waliporudiana tarehe 22 Juni 1938, mkono ulikuwa umekwisha nyooshwa, na pambano likaisha kwa sekunde 124.

Wenzangu wa Kidato cha Pili watasema, "Na Tyson je?" Tyson ndiye shahidi wangu mkubwa. Alipochukua taji mwaka 1986, akiwa na miaka 20, watu waliona ngumi tu. Hawakuona alivyofundishwa na mzee Cus D'Amato kuweka mikono mashavuni na kukitikisa kichwa kulia na kushoto asipatikane. Kichwa kile ndicho kilichomwingiza karibu na maadui warefu. Mwaka 1988 aliachana na mwalimu wake Kevin Rooney, na kichwa kikaanza kusimama. Februari 1990, huko Tokyo, James "Buster" Douglas alimweka mbali kwa ngumi za kushoto zilizonyooka. Tyson alimwangusha raundi ya nane, kwa hiyo nguvu ilikuwapo. Raundi ya kumi aliyekuwa chini akipapasa kizuia-meno chake ni Tyson.

Sasa nije Kinshasa. Tarehe 30 Oktoba 1974, katika nchi iliyoitwa Zaire siku hizo, Foreman alikuwa na mapambano 40 bila kushindwa, 37 kwa nokauti. Joe Frazier alikuwa ameangushwa naye mara sita katika raundi mbili. Muhammad Ali, mwenye miaka 32, aliegemea kamba, akajifunika, akamwacha apige. Foreman alipiga mikono, alipiga mbavu, akachoka. Katika raundi ya nane Ali akatoka kambani na kumwangusha. Kila mtu anaikumbuka hadithi hii, na katika chama chetu wamo vijana wanaoiga kuegemea kamba.

Hapo ndipo ninapotaka wazazi wanisikilize pia. Ali hakushinda kwa kuwa alipigwa. Alishinda kwa kuwa aliona, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa myepesi alipopata nafasi. Mapigo aliyoyapokea hayakupotea hewani. Baada ya Kinshasa alipokea mengine ya Frazier huko Manila mwaka 1975, na ya Earnie Shavers mwaka 1977. Mwaka 1984 madaktari walitangaza kuwa ana maradhi ya Parkinson. Madaktari hawakuafikiana wote juu ya chanzo chake, lakini habari za Jerry Quarry hazina ubishi. Yeye alisifiwa kwa ushupavu wa kupokea ngumi. Alipigana na Ali na Frazier, na alipofariki mwaka 1999, akiwa na miaka 53, ubongo wake ulikuwa umeharibika hata hakuweza kujitunza mwenyewe.

Nimemtaja Shavers. Huyu nadhani ndiye aliyekuwa na pigo moja zito kupita wote niliowataja. Septemba 1979 alimpiga bingwa Larry Holmes raundi ya saba, Holmes akaanguka kama gogo. Akainuka, akashinda raundi ya 11. Shavers hakupata kuwa bingwa wa dunia.

Kwa hiyo napanga hivi: Louis, kisha Foreman, kisha Marciano, na Tyson wa 1988 nyuma yao kidogo. Foreman namweka wa pili kwa sababu ya Novemba 1994, alipokuwa na miaka 45. Michael Moorer alimshinda raundi baada ya raundi. Mzee akangoja, akangoja, na katika raundi ya kumi akapeleka ngumi moja ya kulia, fupi, iliyonyooka, kidevuni. Kijana aliyepigana Kinshasa asingeweza kungoja namna ile.

Najua wapo watakaokasirika kwa kuwa Dempsey sikumpa nafasi, na mwalimu mmoja amekwisha niambia kuwa bila Sonny Liston orodha hii ni bure. Karatasi na kalamu wanazo, na Bwana Mhariri anapokea majibu mpaka wiki ya pili ya muhula ujao. Chama cha ngumi hukutana Jumanne na Alhamisi baada ya masomo. Nusu saa ya kwanza gunia hufungiwa stoo.