Kipuri cha gari kuukuu si chuma chakavu

Hivi karibuni mwalimu mwenzangu alinicheka mbele ya walimu wengine wakati wa mapumziko. Alikuwa amesikia kwamba nimetumia likizo nzima kutafuta pembe za bampa la gari ambalo umri wake unazidi wangu. "Mwalimu," akaniambia, "mafuta yenyewe tunayapangia foleni, wewe unahangaika na mapambo ya bampa?" Wote wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini swali lake lilikuwa la haki, na leo naomba nilijibu hapa, kwa sababu jibu lake linawagusa watu wa aina mbili: sisi tuliorudi kutoka uhamishoni, na ninyi mnaovuka mpaka kila siku na mizigo yenu.

Gari lenyewe ni Peugeot 504, ile ndefu yenye viti vya safu tatu. Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa. Aina hiyo ilitoka Ufaransa mwaka 1968, mwaka uliofuata ikachaguliwa kuwa gari bora la mwaka barani Ulaya, na zaidi ya magari milioni 3 ya aina hiyo yalitengenezwa. Hapa kwetu Afrika sifa yake ilitokana na barabara mbovu. Ove Andersson alishinda Safari Rally nayo mwaka 1975, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na 504 Coupé. Magari haya yaliunganishwa pia Kenya na Nigeria, tena kwa miaka mingi baada ya Ufaransa kuacha kutengeneza yale madogo ya abiria. Ndiyo maana mpaka leo unaweza kuiona moja imeegeshwa nyuma ya nyumba mahali fulani, kuku wamelala ndani.

Baba yangu alibeba abiria kwa gari hilo mkoani Makamba. Mbele alilifungia vitu ambavyo havikutoka nalo kiwandani: bomba la chuma la kukinga taa dhidi ya mbuzi na ng'ombe, na pembe mbili za kung'aa zinazosimama juu ya bampa, zenye mpira usoni ili gari likiguswa lisibonyee. Vilitengenezwa na viwanda vingine vilivyouza nyongeza za magari. Baba alizifuta pembe hizo kila asubuhi kabla ya kunywa chai.

Oktoba 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, gari hilo lilituvusha mpaka kuelekea Manyovu, Tanzania. Nilikuwa na miaka 12. Sikumbuki tulikuwa watu wangapi ndani. Nakumbuka tu kwamba nilikalia sufuria. Kambini Mtabila gari halikuwa na kazi. Baba alilikabidhi kwa rafiki yake, mzee wa Kiha aliyekaa karibu na Kasulu, nalo likawekwa chini ya mwembe. Mimi nikasoma kambini mpaka nikamaliza, Kiswahili nikakiokota sokoni. Baba alifariki tukiwa huko huko. Tulirudi nyumbani mwaka 2008, na kambi yenyewe ikafungwa mwaka 2012.

Mwaka 2018 yule mzee alituma salamu kwamba gari bado lipo na angependa tulichukue kabla hajafa. Nikaenda. Kadi ya gari mama alikuwa ameihifadhi miaka yote ndani ya Biblia, tukafuata taratibu za forodha za pande zote mbili, gari likarudi juu ya lori. Lakini bomba na pembe hazikuwepo. Mzee aliniambia bila kuficha: "Mwanangu, niliviuza mwaka 1999. Baba yako alikuwa mgonjwa, zikahitajika fedha za dawa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia nivifungue." Mimi na mama tulikuwa hatujui. Ndipo nikaelewa kwamba zile pembe alizozifuta kila asubuhi zilimwongezea siku za kuishi. Toka siku hiyo nikaanza kuzitafuta.

Nimetafuta Gerezani Dar es Salaam. Nikamwagiza shemeji yangu anitazamie Grogan na Kirinyaga Road, Nairobi, na rafiki mwingine akazunguka Kisekka, Kampala. Shida ya kwanza ilikuwa jina. Bujumbura mafundi hutumia neno la Kifaransa, Kigoma wanasema bampa, na kila fundi ana jina lake kwa zile pembe. Niliwahi kutumiwa pembe za honi! Shida ya pili ni kwamba kila muuzaji anakuambia mali yake ni "orijino". Mwaka 2022 nililipa fedha nzuri kwa pembe mbili zilizong'aa kama kioo. Masika moja tu, zikabadilika rangi na kuanza kubanduka. Ilikuwa rangi ya fedha iliyopulizwa juu ya bati.

Kosa lilikuwa langu pia, kwani nilinunua kwa macho. Sasa nimejifunza, na wafanyabiashara wanaweza kunufaika na somo hili. Kromu halisi haipulizwi: chuma husafishwa, huvishwa nikeli kwa umeme ndani ya dawa, kisha juu yake huwekwa kromu nyembamba sana. Nikeli ndiyo hasa inayozuia kutu. Kromu inaleta mng'ao na ugumu. Kwa hiyo chukua kitambaa chenye thina kidogo, sugua upande wa nyuma. Rangi ya kupuliza kwa kawaida itatoka, kromu haitatoka. Chukua na sumaku: ikinata, ndani kuna chuma cha kawaida; isiponata, huenda ni chuma kisichoshika kutu, au alumini, au plastiki, na uzito utakuambia. Mwisho, usitume picha tupu. Weka futi kando ya kipuri, piga picha ya mbele na ya nyuma, na pima umbali kati ya tundu na tundu la bolti. Kipuri kinaweza kufanana na chako kwa sura, kisha matundu yakakataa.

Aliyenisaidia hatimaye hakuwa fundi wala muuza vipuri. Ni dada mmoja, mrudi kama mimi, anayepitisha maharage na mawese mpakani Mugina. Nilikuwa nimemwonyesha picha kwenye simu. Siku moja akanipigia: "Mwalimu, kile chuma chako nimekiona, lakini fanya haraka, kiko kwenye mizani." Alikuwa amekiona kwa mnunuzi wa vyuma chakavu upande wa pili, ndani ya gunia, pamoja na sufuria zilizotoboka na majembe yaliyokwisha. Ilikuwa pembe moja tu, na mpira wake mzima. Gari iliyotoka lilikuwa limekatwa vipande na kuuzwa kwa kilo: milango, bampa, hata taa. Mimi nililipa mara kumi ya bei ya mizani, na bado niliona nimepata nafuu.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Ndugu zangu, tunakata mali kwa kilo kisha tunaitafuta kwa machozi. Aliyekata gari lile alilipwa bei ya chuma kwa vitu ambavyo kuna mtu Nairobi, Dar au Bujumbura angevilipia bei ya kipuri. Simwambii mtu mwenye njaa asiuze. Namwambia afungue kwanza, auze baadaye. Bampa, taa, vipini vya milango, alama za jina la gari, saa za dashibodi: hivi hufunguka kwa spana mbili na nusu siku ya kazi. Kinachobaki ndicho kiende kwenye mizani. Mfanyabiashara wa mpakani mwenye daftari la picha na vipimo ana biashara isiyooza kama nyanya na isiyohitaji ghala.

Jambo la pili ni karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kuna kipuri kimoja nilikipoteza mpakani, na simlaumu mtu: sikuwa na risiti, sikuweza kusema nimekinunua kwa nani, na afisa alikuwa na haki ya kuuliza kama si cha wizi. Safari hii niliandikiwa risiti kwa mkono, nikaambatanisha picha ya gari na kadi yake, na maswali yalikwisha kwa dakika chache. Tujue pia kanuni zetu. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na kwa wafanyabiashara wadogo upo utaratibu wa cheti rahisi cha uasili kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Lakini cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Kipuri cha Ufaransa hakigeuki kuwa cha Afrika Mashariki kwa sababu kimelala Kasulu miaka 20. Anayekuambia vinginevyo anakutia matatani.

Jambo la tatu linatokana na hilo la pili. Pembe niliyoipata ni moja. Ya pili sikuipata. Nikampelekea fundi wa kuchomelea hapa kwetu, kijana aliyejifunza kazi hiyo kambini. Alichukua siku nne. Alitengeneza kiolezo cha ubao, akakunja bati nene, akachomelea kwa ndani, akalilaza mpira wa tairi usoni. Kromu hana, kwa hiyo aliing'arisha kwa msasa, akaniagiza niipake mafuta ili isishike kutu. Haifanani kabisa na mwenzake, lakini matundu yamekaa sawasawa. Vijana wa namna hii tunao wengi, walirudi na ufundi mikononi bila cheti cha kuonyesha. Wakiwekewa mashine ya kukunjia na mafunzo ya kuvisha nikeli, kazi yao inaweza kuvuka mpaka kama bidhaa ya Jumuiya, mradi itimize masharti ya uasili. Viongozi wa wilaya na miradi ya warudi wanaotugawia mbegu na mabati wafikirie na hili.

Narudi kwa mwalimu mwenzangu. Ni kweli, gari langu linatembea mara chache, na petroli ikipatikana ina wenye haja kuliko mimi. Mwenzangu hakosei anaposema kwamba bampa halijazi tumbo. Lakini sisi tuliorudi tumeulizwa mara nyingi tuonyeshe tulichokuwa nacho, iwe shamba, nyumba au jina la baba. Wengi hatukuwa na cha kuonyesha. Vitu vidogo vilivyobaki tumeviona vikitupwa kwenye gunia kwa sababu anayepima hajui kilikuwa cha nani, wala hajauliza.

Siku pembe zilipofungwa, mama alitoka nje kuangalia. Akapitisha mkono juu ya ile ya fundi, kisha juu ya ile ya zamani, akaniuliza kitambaa kiko wapi.

Kwa hiyo ombi langu kwa mnaonunua vyuma mpakani ni dogo: kabla ya mizani, ulizeni. Na ninyi mnaotafuta, nendeni na futi, sumaku na daftari. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini asaidiwe basi kwa kuachiwa kitu cha kuokota.