Nyumba za Plastiki kwa Wahanga: Tuoneshwe Kwanza Majibu ya Moto

Makamanda, mvua kubwa ikipiga tunajua kinachofuata: mahema. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu mabondeni Dar, na waliopelekwa Mabwepande wakaanzia maisha kwenye mahema. Kwa hiyo mtu akituambia kuna nyumba za plastiki zinazokuja kwenye maboksi, lazima tutege sikio.

Na sifa zinazo, tusibishe. Inayojulikana zaidi ni ya Better Shelter ya Sweden, iliyobuniwa kwa kushirikiana na UNHCR na IKEA Foundation. Ina mita za mraba 17.5, fremu ya chuma, kuta na paa za paneli za plastiki, pamoja na taa ya sola. Watu wanne wanaisimamisha kwa saa chache tu. Halafu ina mlango wa kufunga. Kwa mama aliyelala na mabinti zake kwenye hema la zipu, komeo siyo jambo dogo.

Sasa twende Zürich, Uswisi. Mwaka 2015 jiji hilo liliagiza nyumba 62 za aina hii kwa ajili ya wakimbizi. Kabla ya kuwaingiza watu, wakazijaribu kwa moto. Zikawaka haraka mno. Mpango ukafutwa mwezi huo huo wa Desemba. Watengenezaji walipinga jinsi jaribio lilivyotafsiriwa, na baadaye wakaboresha muundo. Sawa. Ila jiji lilichoma moja ikiwa tupu, halikusubiri iungue ikiwa na watoto ndani.

Hivi kwetu nani angechoma ya majaribio? Na watu wetu wanapikia kuni na mkaa, usiku wanawasha kibatari. Usahili wa nyumba siyo tatizo. Tatizo ni kudhani kitu kikiwa rahisi kusimamisha basi ni salama kulala.

Ibara ya 14 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuishi na kuhifadhiwa maisha yake na jamii. Haisemi haki hiyo inapungua ukishapoteza nyumba. Mhanga hachagui, anapokea anachopewa. Ndiyo maana anayemnunulia lazima abanwe zaidi, siyo aachiwe kwa kisingizio cha dharura.

Kwa hiyo zabuni yoyote ya makazi ya dharura iwe na masharti haya: cheti cha jaribio la moto, na majibu yawekwe hadharani, jiko liwe nje, nafasi kati ya nyumba na nyumba isipungue mita 2, kama viwango vya Sphere vinavyotaka, na ikiwezekana iwe mara mbili ya urefu wa nyumba, na tarehe ya mwisho ya kukaa humo iandikwe, maana "ya muda" ya nchi hii tunaijua.

Madiwani na wabunge wetu, ulizeni haya wakati jua linawaka. Mvua ikishaanza, mtaambiwa hakuna muda wa maswali.