Kabla Hujanunua Lenzi Pana

Umewahi kumpiga picha bibi harusi chumbani kule Msambweni? Mgongo wako umegota ukutani, na bado mashangazi wawili hawajaingia. Hapo ndipo utakapoitamani lenzi pana.

Basi kabla ya kutoa pesa, tazama milimita. Kamera nyingi za dijitali za bei nafuu zina kihisi kidogo, hivyo lenzi ya 18-55, hata ukiifungua yote, huona kama ya 27 au 29. Ukitaka upana hasa, tafuta inayoanzia 10. Ya f/2.8 ni ghali na nzito. Hiyo waachie wapigaji wa harusi za usiku. Kwa Msikiti wa Kongo na mibuyu yake pale Diani, mchana, f/4 yatosha kabisa. Ila usibadilishe lenzi ufukweni upepo ukivuma. Mchanga ule ni laini kama unga.

Jambo jingine: lenzi hii huvuta vilivyo pembeni. Niliazima moja, nikamweka nyanya yangu ukingoni mwa jamaa. Akatoka na shavu kama dafu, na ndiyo picha yake ya mwisho tuliyo nayo. Siku hizi wazee nawaketisha katikati, pembeni nabakisha mapazia.