Baniani, Kiatu Chake na Mlango wa Hekalu

"Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Hakuna mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya asiyeijua methali hii. Huifafanua mtihanini kwa wepesi: umchukiaye huenda akakufaa siku ya dhiki. Akishapata alama zake, hufunga daftari. Aghalabu haulizi huyo Baniani ni nani, ubaya wake ni upi, wala anapokivua kiatu hicho huwa anakwenda wapi.

Jibu la swali la mwisho haliko mbali. Baniani ni Mhindu, hasa mfanyabiashara mwenye asili ya Gujarati, naye huvua viatu mlangoni pa hekalu. Mahekalu yapo Mombasa, Nairobi, Kisumu na kwingineko, na Wakenya wengi hupita kando ya kuta zake miaka nenda miaka rudi bila kuvuka kizingiti. Makala haya yanashikilia kwamba familia za Kenya, ziwe za dini yoyote ile, zinapaswa kutenga siku moja kuyazuru pamoja na watoto wao, na kwamba wana-Kiswahili wana sababu ya ziada ya kutangulia.

Sababu hiyo imo katika lugha yenyewe. Tazama maneno ambayo Kiswahili kimeyapokea kutokana na lugha za India: bima, laki, bepari, gunia, gari, pesa, chapati. Ni maneno ya duka, ya safari na ya jikoni. Ya ibada ni adimu mno. Yamkini ujirani wa karne nyingi uliishia kwenye meza ya muuzaji. Hata wale wafanyakazi wapatao 32,000 walioletwa kutoka India kujenga reli kati ya 1896 na 1901, ambao miongoni mwao walikuwamo Wahindu, Waislamu na Masingasinga, hukumbukwa kwa mataruma na simba wa Tsavo. Sala zao hazitajwi.

Familia ya Nairobi inaweza kuanza na hekalu la Swaminarayan lililofunguliwa mwaka 1999 kando ya iliyokuwa Barabara ya Forest, ambayo sasa ina jina la Wangari Maathai. Limejengwa kwa mawe ya manjano yaliyochongwa India, yakasafirishwa na kuunganishwa hapa nchini. Ni vyema kufika asubuhi, kwani mchana mapazia hufungwa ili miungu ipumzike.

Ndani, mtoto akiona sura zilizovishwa hariri na maua, hana budi kuuliza: "Baba, hizi ni sanamu?" Hapo ndipo Kiswahili kinapokwama. Neno sanamu, likitajwa pamoja na ibada, limekwisha kubeba hukumu ya dini mbili kubwa; alitamkaye huwa amehukumu kabla ya kueleza. Mhindu huiita murti. Kwa waumini wengi, jiwe lenyewe silo Mungu. Likishawekwa wakfu huwa maskani ambamo Mungu hukubali kuamshwa, kulishwa na kulazwa kama mgeni wa heshima. Kwingineko lugha yetu haina shida hata kidogo. Chakula kinachotolewa kwa Mungu kisha waumini na wageni wakagawiwa huitwa prasadi. Mtu wa pwani aliyewahi kupokea tabaruku baada ya maulidi hahitaji maelezo marefu.

Kutazama tu, bila kuuliza, hakutoshi. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, watu wake waliwakuta Wahindi waliokuja kwa merikebu zao. Walipowaonyesha picha ya Bikira Maria, Wahindi hao wakainama kwa heshima, nao Wareno wakaandika kwamba wamekutana na Wakristo. Wanahistoria wengi leo huwaona watu hao kuwa Wahindu. Kosa hilo la zaidi ya karne tano linarudiwa kila siku na yule anayemwita kila mwenye asili ya India "Mhindi" tu, asipambanue Mhindu na Mjaini, wala hekalu la Kihindu na lile la Masingasinga pale Makindu.

Wapo watakaodai kwamba ziara kama hii itatikisa imani ya mtoto. Imani inayotikiswa na kengele na maua ilikuwa imesimama juu ya mchanga. Wengine watasema kwamba Wahindi ndio waliojitenga, na kwamba methali haikuzuka bure. Hoja hii ina uzito. Wako walioonja dharau dukani na kiwandani, na wenye mahekalu nao wana wajibu wa kuwapokea wageni kwa Kiswahili, lugha ya taifa. Hata hivyo, mwezi Julai 2017 serikali iliitambua jamii ya Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Kabila halijulikani kwa tangazo la serikali. Hujulikana kwa kutembeleana.

Vyama vya Kiswahili vyuoni na vianzishe ziara hizo, wanachama waje na ndugu na wazazi wao, na istilahi wanazozisikia zikusanywe na kujadiliwa. Methali isifutwe, kwa kuwa ni ushahidi wa jinsi tulivyotazamana. Lakini mwanafunzi atakayeifafanua baada ya kuviacha viatu vyake mwenyewe mlangoni pa hekalu atakuwa na la kusema juu ya Baniani, si juu ya kiatu pekee.