Uokoaji Usitegemee Fataki

Wenzetu wa kisiwa cha Iceland hupokea hata wakati wa baridi wageni wanaokodi magari na kuzunguka nchi wenyewe, mwendo wa kilomita zipatazo 1,300, ilhali mwishoni mwa Desemba jua la Reykjavík huonekana kwa muda wa saa 4 hivi tu. Gari likiteleza barafuni, waendao kuokoa ni raia wa kujitolea, walioacha vitanda vyao bila ujira. Na vikosi hivyo hupata sehemu kubwa ya fedha zao kwa kuuza fataki za mwaka mpya. Fataki! Serikali iliyopokea watalii zaidi ya milioni 2 mwaka 2024, na kuwatoza kodi ya malazi, haina budi kugharamia mafuta na vifaa vya uokoaji. Naye dereva anayekaidi kizuizi cha barabara iliyofungwa alipe mwenyewe.